Mlo wa Kumrudisha Bibi Minza

"Na kwa bibi yake huwa anakula nini?" daktari aliuliza.

Swali lenyewe halikuwa la mtihani, na Apolonia jibu alikuwa nalo. Lakini mlango wa chumba cha daktari ulikuwa wazi, na kwenye benchi la nje walikaa wanawake watatu anaosalimiana nao sokoni Bariadi. Mke wa karani wa kampuni ya pamba, mwanamke aliyekuwa wa kwanza mtaani kwake kumpakia mtoto siagi ya kopo kwenye mkate, atamke neno michembe, chakula cha vijijini, mbele ya watu? Akaangalia sakafu.

"Vyakula vya kawaida tu, daktari."

"Vya kawaida vipi? Mimi nataka majina."

Mtoto mwenyewe, Sayi, msichana wa miaka mitano, alikuwa amekaa kitandani na tumbo lake lililovimba na miguu myembamba ya kutia huruma. Akaona mama yake amekwama, akamsaidia. "Michembe," alisema kwa sauti ya kutosha kufika kwenye benchi. "Na nsansa. Na mgagani. Na ugali mweusi."

Nesi Generoza aliyekuwa akiandika kadi aliziba mdomo kwa mkono. Daktari Josia hakucheka. Aliuliza, "Na nyumbani kwenu?"

Hapo sauti ya Apolonia ilirudi, tena ikiwa na nguvu. Nyumbani mtoto anakula vizuri kabisa. Asubuhi mkate na chai ya maziwa, saa nne andazi, mchana tambi au wali, jioni chapati. Akizidiwa, mama yake humlowekea mkate kwenye maziwa ya moto, maana ndio chakula laini cha mgonjwa. Alivitaja vyote bila kupumua, na safari hii aliomba moyoni wale wa kwenye benchi wawe wanasikia.

"Akikaa kwa bibi yake anakuwaje?"

"Ananenepa."

"Akirudi kwako?"

"Hazipiti wiki mbili, anaanza kuharisha upya."

"Mara ngapi imetokea hivyo?"

"Mara tatu."

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema alisomea udaktari Bulgaria miaka sita, na huko aliwaona watoto ambao utumbo wao haupatani na ngano. Kwetu hajawahi kumwona hata mmoja, na hapa hana kipimo cha kuthibitisha, lakini mtoto mwenyewe ameshapimwa mara tatu bila mtu kujua. Basi ngano iondoke nyumbani. Mkate, chapati, maandazi, tambi, biskuti, hata kijiko cha unga wa kuufanya mchuzi uwe mzito. Ale mtama, uwele, mahindi, muhogo, viazi, mboga za bustani, maziwa, na samaki wakipatikana kutoka Lamadi.

"Kile anachopikiwa na bibi yake ndiyo dawa yake," alimaliza. "Nenda kwa huyo mama ukamwombe akufundishe kupika. Utamshukuru sana."

Apolonia aliitikia kwa kichwa. Nesi Generoza alimtazama akadhani ni furaha inayomtoa machozi.

Haikuwa furaha. Miezi minne kabla ya hapo, Machi, yeye na mumewe walijiuliza swali lile lile la daktari, wakalipeleka pasipostahili. Mtoto ananenepa akiwa mikononi mwa bibi, anakauka akiondoka. Mfumu mmoja, yaani mganga wa kienyeji, alimpasua kuku, akachungulia ndani, akasema kuna mwanamke mzee anayempenda mtoto kupita kiasi, amemfunga ili asistawi kwingine. Hesabu ilionekana rahisi. Apolonia alipanda basi hadi Mwanhuzi, akaendelea hadi kijijini kwa mumewe, akasimama katikati ya ua wa mama mkwe wake na kupiga kelele mpaka majirani wakajaa. Alisema amemwona kwa macho yake akimnuizia mtoto kwenye chungu. Alilisema hilo la macho kwa sababu aliona bila hilo watu hawatasogea.

Walisogea. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walikaa, wakaamua Bibi Minza atengwe. Asiombwe moto wala asipewe, asisalimiwe, asisagiwe mashineni, mpaka atakapomwachia mtoto.

*

Ngeleja, mume wa Apolonia, alirudi jioni kutoka kwenye ofisi ya kampuni, kalamu zimejaa mfuko wa shati, kama kawaida yake msimu wa pamba. Kampuni binafsi zilikuwa zimeingia baada ya ushirika kukosa pumzi, na yeye alikuwa miongoni mwa vijana waliopata kiti mapema. Aliisikiliza habari ya daktari hadi mwisho.

"Ngano?" alisema. "Ngano hii hii ya dukani kwa Gharib?"

"Hiyo hiyo."

Sayi alikuwa amelala kwenye mkeka, mdomo wazi.

"Mimi lakini," Ngeleja alisema, "yale maneno ya mama sikuwahi kuyaamini."

Apolonia alimgeukia taratibu. "Baba Sayi, kwa mfumu tulikwenda wote. Kuku ulimshika wewe."

"Nilimshika tu. Sikusema kitu."

"Na kijijini uliponiacha niende peke yangu?"

"Nilikuwa kazini."

Kweli alikuwa kazini. Mwanamume akitafuta mahali pa kujificha, kazi ni nyumba nzuri sana. Apolonia alimwomba amwandikie barua Mzee Mwandu, mwenyekiti wa sungusungu, amwambie kuwa walikosea. Ngeleja alijikuna shingo. Alisema mwezi ujao ndiye atakayepelekwa na gari la kampuni kununua pamba katika vijiji vile vile. Wakulima wakijua kwamba karani wa mizani alimsingizia mama yake mzazi, nani atamwamini na kilo zake? Afadhali Apolonia ajaribu kwanza kupika hapa hapa. Kupika ni kupika tu.

Ndivyo mtu anavyosema asiyepika. Apolonia alikuwa binti wa mwalimu mkuu, amelelewa nyumba za shule kwa wali na mkate wa mgao, akakua akijua kwamba michembe ni chakula cha watu walioshindwa. Kesho yake alikwenda sokoni na kununua vipande vile vya viazi vitamu vilivyokaushwa, akavifunga kwenye gazeti, juu yake akatandaza nyanya. Pamoja na ujanja wote huo, mlangoni alikutana na Zena, mke wa Gharib, aliyekuwa na mkono mwepesi wa kufunua vikapu vya watu.

"Heh! Mama Sayi, michembe?" Zena alicheka kwa nia njema kabisa, na hilo ndilo lililouma. "Nilimbakizia mtoto maandazi yake ya leo. Au mambo yamekuwa magumu, shoga? Useme tu, Gharib atawaandikia deni."

"Ni ya kuku," Apolonia alijibu.

"Kuku wanakula michembe siku hizi? Basi kuku wako wana raha."

Michembe ile aliichemsha kidogo ikabaki ngumu. Alipoichemsha tena ikawa uji wa kahawia usio na sura. Mgagani aliupika kama mchicha, kwa kitunguu na mafuta, ukawa mchungu wa kukunja uso. Sayi alionja, akautema mkononi.

"Siyo hivi," mtoto alisema. "Bibi hapiki hivi."

Ugali wa mtama ulikataa kushikana, na weusi wake ukimwangalia Apolonia kutoka kwenye sahani kama shutuma. Siku ya nne akatafuta njia ya mkato. Alichukua unga wa ngano uliobaki ndani ya kopo, akachanganya vijiko viwili, viwili tu, ili ugali ulainike na upate sura ya kuwekwa mezani. Sayi alikula vizuri siku hiyo. Baada ya siku mbili alikuwa anaharisha maji, na macho yameingia ndani.

Bibi Minza alikuwa mbali, mwendo wa basi na baiskeli. Hakumgusa mtoto, hakumtazama, hakujua hata kama ni mzima. Apolonia alikaa sakafuni kando ya ndoo ya nguo chafu, na kwa mara ya kwanza hakupata mtu wa kumtupia lawama ila yule aliyekuwa ameshika kijiko. Akafunga mizigo.

*

Ua wa Bibi Minza ulijulikana tangu mbali kwa njia yake. Njia za kwenda kwenye nyumba nyingine zilikuwa nyeupe kwa nyayo, lakini ya kwake ilikuwa imeota majani katikati. Mwenye baiskeli aliyewabeba kutoka Mwanhuzi aliwashusha nje ya boma la minyaa, akasema yeye hapo ndani haingii, akageuza.

Apolonia alipiga magoti chini kama inavyompasa mkwe. "Mwadila, mayu," alisalimia, akimwita mama kwa lugha ya huko.

Bibi Minza alikuwa akisaga mtama kwenye jiwe, kazi iliyokwisha kusahauliwa tangu mashine ilipokuja. Alikuwa amepungua mwili. Hakuinua uso mara moja. Alimaliza kusukuma unga uliokuwa juu ya jiwe, akajifuta mikono. "Mwadila," aliitikia. Ilikuwa miezi minne tangu mtu mzima amsalimie, na sauti ilitoka na mikwaruzo.

Sayi alikuwa ameshakimbia. Alimwendea bibi yake mikono wazi, na bibi kizee yule akainuka haraka, akarudi nyuma, akaificha mikono yake mgongoni. Mtoto aligonga tumbo la bibi yake, akamkumbatia miguu. Bibi alibaki amesimama vile vile, mikono nyuma.

"Mtoe," alisema. "Mlisema nisimguse."

"Mayu, mguse."

"Mlisema mbele ya watu."

Apolonia alimvuta mtoto kwa mkono, mtoto akilia hajui kosa lake, na hapo chini kwenye vumbi alieleza yote: daktari, ngano, vijiko viwili vya mwisho. Alieleza vibaya, kwa kurukaruka na kukatika kwa kilio. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni mkate," alisema mwishoni.

"Ni mkate, mayu."

"Na mimi nilikuwa nalala nikijiuliza. Nikasema labda kweli. Labda mtu anaweza kuwa mchawi asijijue." Alikaa tena kwenye kigoda chake. "Mtoto amekula?"

"Hajala."

"Mapishi utafundishwa. Lakini mimi mkono wangu hauingii kwenye chungu cha mtoto huyu. Nitakaa hapa. Nitasema, wewe utafanya."

*

Hivyo ndivyo Apolonia alivyojifunza kupika akiwa na miaka ishirini na tisa, kwa kuamrishwa na mtu aliyekaa hatua sita kutoka jikoni. Bibi Minza hakunyanyua hata kifuniko. Moto wa miti ya pamba ukizimika, alisema "Puliza." Apolonia alipuliza akajaa majivu. Alipofikicha macho, bibi alisema, "Sasa yako nayo yatakuwa mekundu. Uangalie wasikuite mchawi."

Alifundishwa kwamba michembe huoshwa maji matatu, hupikwa kwa maji machache na moto wa upole, na chungu hakifunuliwifunuliwi. Karanga zilizotwangwa huingia mwisho. Mgagani huchemshwa na maji yake ya kwanza humwagwa, kisha hutiwa maziwa na kuachwa utulie mpaka uchungu uwe umekwenda. Majani ya kunde yanayochumwa leo hupikwa leo. Yale ya akiba huchemshwa, huanikwa mpaka yakauke, na hiyo ndiyo nsansa, ya kulia miezi ya ukame. Ugali wa mtama hauna haraka. Maji yachemke sawasawa, unga uingie kidogo kidogo, na mkono usichoke.

"Songa."

"Nasonga, mayu."

"Hapo unakoroga. Songa."

Kila asubuhi waliteremka mtoni. Bustani ya bibi ilikuwa ukingoni, matuta machache ya mchicha, kunde na maboga, na maji yalipatikana kwa kufukua mchanga wa mto uliokauka. Wanawake wengine walifukua upande wa juu, wakipiga soga. Walipomwona Bibi Minza walinyamaza wote kwa pamoja, na walipomwona Apolonia aliye nyuma yake na ndoo walitazamana. Binti mmoja alisahau amri akaanza kusalimia, mama yake akamfinya. Apolonia alikuwa amekuja Machi akapiga kelele, akaondoka na basi la kesho yake. Hakuwahi kufikiria kwamba baada ya pale kuna kuteka maji kila siku.

Wiki ya tatu Sayi alianza kucheza. Tumbo lilipungua, choo kikawa choo cha mtu mzima wa afya, na usiku alilala bila kulialia. Alikula nsansa hadi kulamba mkono. Apolonia alimtazama akafurahi, na furaha yenyewe ikamchoma, kwa sababu kila kilo iliyoongezeka kwa mtoto ilikuwa ushahidi dhidi yake.

Siku hiyo alimwendea bibi akapiga magoti tena. "Mayu, unisamehe."

"Kwangu hakuna neno," Bibi Minza alisema, akichambua kunde. "Wewe ni mtoto wa watu, hukunizaa wala sikukuzaa. Ulimwona mtoto wako anakufa ukashika cha karibu. Lakini neno ulilitupa kwa watu, haliko kwangu. Ukalitafute huko huko."

*

Watu walikutana Ijumaa penye godauni, siku gari la kampuni lilipokuja kununua pamba. Ngeleja alikuwa kwenye mizani, penseli sikioni. Alikuwa amepata habari kwamba mkewe yuko kijijini, na alipomwona akija nyuma ya Mzee Mwandu aliinama ghafla kuangalia jiwe la mizani kana kwamba limepotea.

Mwandu alipiga filimbi yake ya sungusungu, watu wakatulia. Apolonia alisimama mbele ya marobota. Alianza na daktari. Akaeleza Bulgaria, akaeleza utumbo, akaeleza ngano. Alikuwa amejiandaa vizuri, binti wa mwalimu, na aliyoyasema yote yalikuwa kweli tupu.

"Ngoja kwanza," mzee mmoja alisema kutoka juu ya gunia lake. "Yaani mchawi ni chapati?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mmoja aliuliza kama chapati nayo itengwe. Mwingine akasema basi Bariadi nzima wangekuwa wamekwisha kufa. Hata vijana wa kampuni waliokuwa juu ya gari walicheka, na Ngeleja, Mungu amsamehe, alitabasamu kidogo pamoja nao.

Mwandu hakucheka. Alinyoosha mkono wakanyamaza. "Mke wa Ngeleja, sisi hapa hatukukusanyika Machi kuhukumu unga. Wewe ulisema ulimwona kwa macho yako ananuiza kwenye chungu. Ulimwona?"

Njiani Apolonia alikuwa ametumaini kwamba habari ya ngano ingelifunika hilo.

"Sikumwona."

"Hawakusikii wa nyuma."

"Sikumwona!" Sauti ilimpasuka. "Nilisema uongo. Aliyekuwa anamuumiza mtoto ni mimi. Kwa mkono wangu huu, kila asubuhi, nikijiona nampenda."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Mwanamke mmoja alitema mate pembeni. Binti wa mwalimu mkuu alisimama pale mbele ya watu mia, pua inamchuruzika, na hakuna aliyempa hata kona ya khanga.

"Na wewe, Ngeleja?" Mwandu aligeukia mizani. "Ni mama yako. Una la kusema?"

"Mke wangu amesema yote, mzee," Ngeleja alijibu. "Mimi sina la kuongeza." Akaita jina la mkulima aliyefuata.

Wazee walinong'onezana kwa muda mfupi. Uamuzi ulitolewa kwa namna ya zamani. Jumapili Bibi Minza atapika nyumbani kwake kwa mkono wake mwenyewe, watu wote watakwenda. Wawili waliokwenda kwa mfumu ndio watakaokula kwanza, tonge kutoka mkononi mwake. Wakila wao, kijiji kitakula, na kutengwa kutakuwa kumekwisha. Chakula chote ni juu yao wawili.

*

Jumapili Bibi Minza aliamka akajitanda khanga safi. Akaingia jikoni, akashika mwiko. Apolonia, aliyekuwa amezoea kuamrishwa, alisimama mlangoni asijue pa kuweka mikono yake, mpaka bibi alipomwambia achote maji. Ilikuwa furaha kumtazama mzee yule akipika. Mikono ilikwenda yenyewe, bila haraka. Alisonga ugali wa mtama sufuria tatu. Alipika nsansa ya karanga, mgagani wa maziwa, majani ya maboga na michembe. Mbuzi aliyetolewa na Ngeleja alichomwa nje na wanaume, lakini huyo hakuwa na kazi katika shauri hili.

Watu waliingia mmoja mmoja kwa kuikanyaga ile njia yenye majani, wakasimama pembeni mwa ua. Hakuna aliyekaa. Ngeleja alikuja wa mwisho, viatu vimepigwa rangi.

Bibi Minza alitoka na sinia. Akamega tonge la ugali, akalibonyeza, akachota nsansa, akanyoosha mkono. Apolonia alipiga magoti akalipokea kwa mdomo moja kwa moja, kama mtoto, kwa kuwa alitaka wote waone. Alitafuna, akameza. Akina mama waliachia pumzi. Sayi naye akachomoka kwenye kundi, akafungua mdomo bila kuitwa, na safari hii bibi hakurudi nyuma. Alimlisha. Mkono wake ulibaki kidogo juu ya kichwa cha mtoto, kwa mara ya kwanza tangu Machi, na Apolonia akaona ameinama kuficha uso.

Kisha akamega tonge la tatu akamgeukia mwanawe.

"Baba," alimwita, kama akina mama wa huko wanavyowaita watoto wao wa kiume.

Ngeleja alisogea. Aliunyoosha mkono wa kulia kulipokea tonge, mkono ukafika nusu ya safari, ukasimama.

Haukusimama muda mrefu. Mtu aliyekuwa akipiga chafya wakati huo asingeona. Lakini wakati umesimama, macho ya Ngeleja yalikwenda pembeni, kwa mkewe. Yalimtazama mdomo, yakashuka kooni, yakamtazama kifuani anavyopumua. Alikuwa anaangalia kama aliyekula kabla yake bado ni mzima.

Ua mzima ulimwona. Bibi Minza alimwona kwa karibu kuliko wote, tonge likiwa bado kwenye vidole vyake.

Ngeleja alishtuka, akalichukua tonge, akalitia mdomoni, akameza bila kutafuna vizuri. "Mzuri," alisema kwa sauti kubwa. "Ugali mzuri sana, mayu." Mzee Mwandu alisubiri kidogo, kisha akatangaza kwamba kutengwa kumekwisha kuanzia sasa, na watu wakakaa chini wakaanza kula. Jirani wa upande wa pili alikuja na kigae kuomba moto. Wanawake walimsalimia Bibi Minza mmoja baada ya mwingine, wengine wakimshika mkono kwa aibu, naye aliwaitikia wote.

Apolonia alikuwa amedhani aibu ya siku ile ni yake peke yake. Sasa alimtazama mumewe akashindwa kuendelea kumtazama.

Ngeleja alikuwa amejikalisha kwenye mkeka wa mbele, mahali anapoonekana. Alikula tonge kubwa kubwa, akanyanyua kila tonge juu kabla ya kulitia mdomoni. Alisifu mgagani. Alisifu michembe. Sahani ilipokwisha aliinua ikaonekana nyeupe. "Mayu, niongeze!" aliita.

Bibi Minza alikuja na sufuria. Hakumega kwa mkono tena. Alimpakulia kwa upawa, akaiweka sahani chini mbele yake, akainama kidogo ili asikiwe na yeye tu, ingawa Apolonia aliyekuwa karibu alisikia.

"Usijilazimishe, baba," alisema kwa upole. "Watu wameshaona."

Kisha akabeba sufuria yake, akaenda kuwapakulia wengine.